Matundu manne na kizibo kimoja: hotuba kuhusu jiko la moshi la pipa

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wafugaji, mama lishe na mafundi wa kuchomelea hapa Dodoma. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana wa karakana, habari zenu.

Naanza na swali. Nani hapa amewahi kula nyama ya kubanika ikawa chungu mpaka ulimi ukafa ganzi? Nyoosheni mikono. Naam, wengi. Sasa swali la pili: siku ile mlimlaumu nani? Tunamlaumu mchinjaji. Tunalaumu beberu mzee. Tunamlaumu mpishi, tunasema amezidisha viungo. Ndugu zangu, mara nyingi hao wote hawana kosa. Uchungu ule hutoka kwenye moto ulionyimwa hewa. Moto ukinyimwa hewa hutoa moshi mweupe, mzito, na moshi huo huacha lami juu ya nyama. Lami hiyo ndiyo mliyoila.

Kuchoma nyama, hapa kwetu hakuna wa kutufundisha. Nenda mnada wa Msalato ujionee. Lakini kuchoma ni moto mkali, nyama iko karibu na makaa, na baada ya muda mfupi watu wameshanawa mikono. Ninachokizungumza leo ni kazi nyingine. Moto mdogo. Muda mrefu. Moshi mwembamba. Kidari cha ng'ombe, ambacho wateja wengi wanakikimbia buchani kwa sababu ni kigumu, kinalainika mpaka unakichana kwa vidole. Na jiko la kufanyia kazi hiyo mnaweza kulitengeneza wenyewe: pipa moja, vipande vya nondo, bolti chache na siku moja karakanani.

Jambo la kwanza ni pipa lenyewe, na hapa naomba mnisikilize kuliko popote. Kabla hujauliza bei ya pipa, uliza lilibeba nini. Lilibeba mafuta ya kula? Chukua. Lilibeba asali? Chukua. Lilibeba dawa ya mimea, tina ya kuyeyushia rangi, petroli, au kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakijui? Liache hapo hapo lilipo, hata kama unapewa bure. Dawa ya kuulia wadudu haiondoki kwa sabuni, na hakuna nyama inayostahili kukaa saa nane juu yake.

Kuna fundi mmoja ninayemfahamu aliyeletewa pipa lililokuwa la petroli. Lilikuwa tupu. Lilikaa juani miezi, kizibo kikiwa kimefungwa. Aliligonga, likalia tupu, akawasha grainda. Cheche ya kwanza ilipoingia ndani, kifuniko kiling'oka na kupaa juu ya paa la karakana. Yeye alibaki hai, lakini mikono yake miwili iliungua na alikaa muda mrefu bila kushika kazi. Vijana, mnanisikia? Pipa la petroli likiwa tupu ni hatari kuliko likiwa limejaa, kwa sababu ndani yake mvuke wa mafuta umeshachanganyika na hewa na unasubiri cheche tu. Narudia: unasubiri cheche tu.

Kwa hiyo hata pipa la mafuta ya kula, fungua vizibo vyote viwili, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, na mkato wa kwanza uanze kwa tindo na nyundo. Likishafunguka, jaza kuni, washa moto mkubwa ndani yake mpaka rangi yote ya nje na ule utando wa ndani viungue viishe. Simama upande unakotokea upepo, moshi ule si wa kuvuta. Lipoe, lisugue kwa brashi ya waya, lioshe, kisha lipake mafuta ya kupikia ndani na ulipashe moto tena. Hapo ndipo linakuwa chombo cha chakula.

Na wavu wa kuwekea nyama? Naona wengi wanatumia waya wa kuku au bomba la maji lenye zinki, kwa sababu linang'aa na halishiki kutu. Mafundi wenzangu wanajua: ukichomelea chuma chenye zinki bila tahadhari, usiku unapata homa na kutetemeka. Sasa chuma kilichokupa homa wewe, kwa nini ukiweke chini ya chakula cha wanao? Tumia nondo nyembamba za kawaida, au chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Nondo itashika kutu, ndiyo. Ipake mafuta kila baada ya kazi.

Sasa vipimo. Pipa la lita 200 lina upana wa sentimita 57 au 58 na kimo cha karibu sentimita 88. Kata ubavuni, sentimita 10 chini ya ukingo wa juu. Kile kipande cha juu ndicho mfuniko, na vizibo vinabaki juu yake. Chomelea mkanda wa bati nene kuzunguka ndani ya mfuniko, ushuke sentimita 4 au 5, ili mfuniko ukae imara na moshi usivujie pembeni. Sentimita 15 chini ya mdomo wa pipa, toboa na ufunge bolti nne. Hizo zinabeba wavu wa nyama. Sentimita 15 chini ya hapo, bolti nyingine tatu za kubeba karai. Chini kabisa likae kapu la mkaa: upana wa sentimita 35 hivi, kimo cha 20, lenye miguu ya sentimita 7 ili majivu yadondoke na yasizibe pumzi ya moto. Ndiyo jiko zima hilo. Hakuna siri nyingine kwenye chuma.

Siri iko kwenye hewa.

Jambo la pili ni hewa, na nitakaa hapa muda mrefu kwa sababu hapa ndipo majiko mengi yanapoharibika. Vijana wengi wanatoboa matundu wanavyoona macho yao. Moja huku, matano kule. Ninawaomba tupige hesabu ndogo. Kizibo kikubwa cha pipa kina upana wa inchi mbili. Je, tundu la inchi mbili linalingana na matundu mangapi ya inchi moja? Nimesikia "mawili". Nimesikia "matatu" kule nyuma. Jibu ni manne. Manne kamili. Upana ukiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne. Kwa hiyo toboa matundu manne ya inchi moja chini, sentimita 5 kutoka sakafu ya pipa, kila upande moja. Kizibo kikubwa juu ukikifungua, hewa inayoweza kuingia na moshi unaoweza kutoka vinalingana. Huhitaji kutoboa mfuniko hata mara moja. Waliotengeneza pipa wameshakutobolea.

Kila tundu la chini lipe kibati chake, kimefungwa kwa bolti moja juu, kiwe kinazunguka kushoto na kulia. Ukitaka kupunguza moto, zungusha kibati. Ukitaka kuuongeza, zungusha kibati. Kile kizibo cha juu usikiguse. Kikae wazi muda wote wa kazi. Hewa tunaitawala inapoingia. Ukiziba juu, moshi unakaa ndani, unapoa, unatona. Ukiziba juu, unarudi kwenye ule uchungu tulioanza nao asubuhi hii.

Niwape kisa cha mtu aliyelitambua hili kabla yetu. Mwaka 1952, karibu na mji wa Chicago kule Marekani, alikuwapo mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma aliyeitwa George Stephen. Kiwanda chao kilikuwa kinatengeneza maboya ya chuma, yale yanayoelea majini kuongoza vyombo. Stephen alipenda kuchoma nyama nyumbani, lakini jiko lake lilikuwa wazi: upepo ukija moto unaruka, mvua ikija moto unazima. Akachukua boya, akalikata katikati. Nusu ya chini ikawa jiko, nusu ya juu ikawa mfuniko, akatia matundu ya hewa. Biashara kubwa ya majiko ya Weber ilizaliwa hapo. Sikilizeni alichofanya: hakugundua moto mpya, wala mkaa mpya, wala nyama mpya. Alifunika moto, akauachia hewa kwa kipimo. Na alikuwa na nini mkononi? Mabaki ya chuma ya karakana. Nyinyi mna nini mkononi?

Sasa kuwasha. Jaza kapu mkaa mbichi, namaanisha ambao haujawashwa, kilo tatu au nne. Pembeni, kwenye jiko la kawaida, washa makaa machache mpaka yawe mekundu yote. Yamwage juu ya ule mkaa wa kapuni. Moto utashuka taratibu, tabaka kwa tabaka, na kwa kipimo hicho nyumba nyingi zinapata saa nane bila kuongeza mkaa. Usiwashe kwa mafuta ya taa. Usiwashe kwa mfuko wa plastiki. Harufu yake itakwenda kukaa kwenye nyama, na sumu yake itakwenda nayo.

Funga mfuniko, fungua matundu yote manne. Joto likifika nyuzi 90, anza kuziba: funga mawili, acha mawili. Unataka likae kati ya nyuzi 110 na 120 pale kwenye wavu. Anza kuziba mapema, kwa maana kupandisha moto ni rahisi, kuushusha ndiyo kazi. Nunua kipimajoto cha oveni, kiweke kwenye wavu au kipitishe ubavuni. Mkono wa mtu si kipimo cha kutegemea kwa saa nane.

Harufu je? Mkaa unatoa joto, kuni inatoa harufu. Vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi, vikavu kabisa, vifukie katikati ya mkaa. Mpera ni mzuri sana. Mwembe ni mzuri. Ndugu zetu wa pwani wana vifuu vya nazi, navyo vinafaa. Usitumie msindano, una utomvu unaoleta masizi. Usitumie mnyaa wa uani, maziwa yake yanachoma macho. Usitumie mbao iliyopakwa rangi au nguzo iliyotiwa dawa. Kisha tazama kizibo. Moshi mweupe mzito ukitoka, nyama isubiri nje. Ukiwa mwembamba, wa buluu kwa mbali, huuoni vizuri mpaka uinamishe kichwa, hapo weka nyama.

Na baada ya kuweka, usifunue. Kila ukifunua unaingiza hewa nyingi, moto unaruka, joto la nyama linakimbia. Tamaa ya kuchungulia imeharibu nyama nyingi kuliko moto wenyewe.

Jambo la tatu, mafuta. Mnapenda ile sauti ya mafuta yakidondokea makaa? Inavutia, najua. Lakini mafuta yakiungua kwenye makaa yanatoa moshi wenye kemikali zinazoweza kuleta saratani, na moshi huo unapanda moja kwa moja kwenye nyama. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwamo za kukaushwa kwa moshi, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Siwafichi jambo hilo. Chakula hiki ni cha siku moja moja, cha sherehe, cha wageni. Na siku hiyo moja tukipike kwa akili.

Akina mama wa Afrika Magharibi wametutangulia hapa, nami nawaheshimu sana kwa hilo. Kule Accra, Ghana, kuna mtaa wa wavuvi unaoitwa Chorkor. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, akina mama wanaokausha samaki pale walishirikiana na watafiti wakapata jiko lenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine. Trei zenyewe ndizo zinazofanya chumba cha moshi. Kuni zikapungua, samaki wakaongezeka, na jiko lile likasambaa nchi nyingi. Lakini mafuta yaliendelea kudondokea motoni. Mwaka 2008, kwenye chuo cha uvuvi cha Thiaroye, karibu na Dakar, Senegal, likaboreshwa kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: makaa yakatengwa, trei ya kukinga mafuta ikawekwa, moshi ukatengenezewa sehemu yake pembeni. Kwa nini walihangaika hivyo? Kwa sababu Ulaya iliweka kikomo: tangu Septemba 2014, kilo moja ya nyama au samaki wa moshi isizidi mikrogramu 2 za benzopireni, ambayo ni mojawapo ya zile kemikali. Ukizidi hapo, mzigo wako hauingii.

Sisi hatusafirishi kwenda Ulaya. Lakini je, mtoto wa Chamwino anastahili nyama chafu kuliko mtoto wa Brussels? Ndiyo maana nimewawekea zile bolti tatu za karai. Karai lenye maji linakaa kati ya makaa na nyama. Mafuta yanadondokea majini. Maji yanazuia joto lisirukeruke, na mvuke wake unaizuia nyama isikauke haraka. Kazi tatu, karai moja. Msilisahau.

Jambo la nne ni subira. Kuna kikundi cha akina mama niliwatengenezea jiko hili. Waliweka kidari asubuhi. Kipimajoto cha ndani ya nyama kikapanda vizuri, 40, 50, 60, kikafika 68, kikasimama. Saa moja, kimesimama. Saa mbili, kimesimama. Wakaamua jiko ni bovu. Wakafungua matundu yote manne. Jioni nyama ilikuwa nyeusi nje na ngumu ndani, na simu yangu haikupumzika.

Kumbe jiko lilikuwa zima. Maji yanatoka ndani ya nyama, yanakauka juu yake, na kukauka huko kunaipoza, kama jasho linavyokupoza wewe juani. Moto unapasha, jasho linapoza, joto halipandi. Ukilisubiri linavuka lenyewe. Na muda ule ndio ule ule ambao kano za ndani ya nyama zinayeyuka kidogo kidogo na kuwa ulaini. Kidari kinakuwa tayari kwenye nyuzi 90 hadi 95 katikati, wala si kabla. Kuku ni mwepesi zaidi: akifika nyuzi 74 sehemu nene ya paja, mtoe. Wale akina mama safari iliyofuata waliacha matundu yalivyo, na kidari kilichanika kwa mkono.

Wakapata tatizo jingine: wateja wakirudisha sahani, wanasema nyama mbichi, ina wekundu chini ya ngozi. Waelezeni wateja wenu. Wekundu ule wa pembeni unaletwa na gesi za moto zinapokutana na rangi ya asili ya nyama. Nyama imeiva.

Na hili sitaki mtu atoke hapa hajalisikia. Wazee wetu walipobanika nyama au samaki juu ya chanja, walitia chumvi, wakakausha siku kadhaa mpaka ikawa ngumu, na ikatunzika. Nyama ya jiko hili ina maji ndani. Ni laini. Inaoza. Mteja mmoja alifunga nyama ya kikundi kile kwenye plastiki, akapanda nayo basi la Mwanza, kesho yake ikawa inanuka. Akapiga simu akiuliza, "Si mliibanika?" Waliibanika, lakini hawakuikausha. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaana haraka. Baada ya kuitoa, iliwe au iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na huko isizidi siku tatu au nne.

Najua kuna swali mtaniuliza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Mbona mimi nawaletea mkaa? Ugali na maharage ya kila siku yapikieni gesi au umeme, nami nawaunga mkono. Kwa siku ya kubanika, tumieni mkaa mbadala wa vifuu au wa mabaki ya mazao pale unapopatikana. Na kazi ikiisha, ziba matundu manne, rudisha kizibo. Moto unakufa kwa kukosa hewa, na mkaa uliobaki unautumia tena.

Jiko likae nje. Nje kabisa. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia za nyanda za juu zilizolala na jiko ndani zisiamke. Hata likionekana limezima, usiliingize ndani mpaka pipa lote liwe la baridi.

Pipa liko pale chini ya mwembe. Lilikuwa la mafuta ya alizeti, limeshaoshwa, vizibo viko wazi. Tindo mbili na nyundo mbili ziko juu yake. Nahitaji vijana wawili wa kukata na mama mmoja wa kupima ile sentimita 10. Asanteni sana.